Wakulima walipohamishiwa Agosti

Sisi tuliokulia Morogoro miaka ya 1980 tulijua sikukuu ya wakulima ni Saba Saba, Julai 7, siku kilipozaliwa chama cha TANU mwaka 1954. Chama na jembe vilikwenda pamoja. Vyama vingi viliporuhusiwa mwaka 1992, ikabidi mambo yatenganishwe: wakulima wakapewa Agosti 8, yaani Nane Nane, Saba Saba ikabaki na wafanyabiashara Dar es Salaam. Sababu ilikuwa siasa, lakini shamba nalo lilifaidika, maana Agosti wengi wetu tumeshavuna mahindi ya masika na tuna nafasi ya kutembea.

Kwetu maonyesho ya Nane Nane hukusanya Morogoro, Pwani, Dar es Salaam na Tanga kwenye viwanja vya Mwalimu Nyerere, mjini Morogoro. Utamu wake ni vipando. Bwana shamba huotesha miezi kabla, anamwagilia kiangazi kizima ili mpunga, mtama na nyanya zikomae wiki ileile ya wageni. Mama yangu alikuwa akihesabu mistari kwa kidole, kisha anauliza, "Mbolea mliweka lini?" Hapo ndipo maafisa wengine walipoanza kutazama saa.

Siku hizi spika za kampuni za simu zinawazidi ng'ombe kelele. Sawa, kodi ya banda lazima ilipwe. Ila Nane Nane bado ina uzito: Mbeya, mwaka 2022, Rais Samia alizindulia hapo ruzuku ya mbolea.

Ukienda, nenda siku za mwanzo, kabla ya viongozi na misafara. Anzia kwenye vipando, uulize maswali.