Penseli iliyofuta chunusi kabla ya Photoshop

Februari 2025 Photoshop ilitimiza miaka 35 tangu itoke sokoni, na kama kawaida ikabebeshwa sifa zote za kulainisha nyuso za watu pichani. Lawama pia. Yote mawili ni kuionea. Mwaka 2012 Mia Fineman, mtunzaji wa picha katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, aliandaa maonyesho mazima ya picha zilizochakachuliwa kabla ya programu hiyo kuwapo. Na wadhamini, tusisahau, walikuwa Adobe, wenye Photoshop yao.

Mchokozi wa kwanza alikuwa kamera. Mabamba ya kioo ya katikati ya karne ya 19 yalipakwa dawa iliyohisi zaidi mwanga wa buluu, na mbele ya wekundu ikawa kama kipofu. Chunusi nyekundu na vidoa vya kahawia vya ngozi za Wazungu, ambavyo jamaa wa nyumbani walikuwa hata hawavioni tena, vilitoka vyeusi tii. Mtu aliingia studio na uso wake akatoka na uso wa aliyeugua ndui.

Tiba ilipatikana kwenye negativu. Humo kila kitu kimegeuzwa: doa jeusi la shavuni huwa upenyo mdogo unaopitisha mwanga. Fundi alilaza bamba kwenye meza yenye mteremko, mwanga ukipenya kutoka nyuma, akapaka vanishi ili penseli ishike, kisha akauziba ule upenyo kwa vinukta vya penseli iliyochongwa hadi kuwa kama sindano. Mwanga ukizuiwa hapo, doa halitokei kwenye karatasi. Mng'ao wa jasho kwenye paji la uso, ambao kwenye negativu ni mweusi, ulikwanguliwa kwa kisu.

Paris iligombana juu ya jambo hili mwaka 1855. Kwenye Maonyesho Makubwa ya mwaka huo, mpiga picha Franz Hanfstaengl wa Munich alileta picha zilizorekebishwa, na masimulizi ya wanahistoria yanasema watu waliona picha moja kabla na baada ya kuguswa. Umati ulivutiwa. Ndani ya Chama cha Upigaji Picha cha Ufaransa, kilichokuwa na umri wa miezi tu, mambo yakachemka. Eugène Durieu alishikilia kwamba anayeita brashi kwa kisingizio cha kuingiza sanaa kwenye picha ndiye anayeifukuza sanaa ya picha yenyewe. Paul Périer akamjibu kwamba mpiga picha aachiwe njia zake, apimwe kwa kazi iliyotoka mikononi mwake.

Ajabu ni kwamba Durieu ndiye aliyekuwa karibu na wachoraji: muda mfupi kabla alishirikiana na Eugène Delacroix kupiga picha za watu uchi ambazo mchoraji huyo alizitumia kujifunzia. Aliijua brashi vizuri, akataka ibaki kwenye turubai. Hoja zake zilikuwa safi kuliko za mwenzake. Ila hakuwa na jibu kwa mteja mwenye chunusi, na mteja ndiye aliyekuwa na fedha. Kabla karne haijaisha, kurekebisha negativu kulikuwa kazi ya kawaida ya studio.

Kufikia miaka ya 1920 zilikuwapo filamu zinazoona hata wekundu. Sababu ya mwanzo iliondoka. Mazoea yakabaki, tena yakanenepa. Mwaka 1931 mpiga picha George Hurrell alimpiga picha mwigizaji Joan Crawford akiwa na vidoa vyake vyote, na inasimuliwa kwamba fundi James Sharp alitumia saa sita kuvifuta. Hapo hakuna kosa la kamera lililokuwa likisahihishwa. Hollywood ilikuwa ikiuza ngozi isiyokuwapo.

Photoshop, iliyobuniwa na ndugu Thomas na John Knoll, ilirithi biashara hiyo. Toleo la saba, mwaka 2002, lilileta brashi ya kuponya, inayochukua umbile la ngozi safi ya jirani na kulilinganisha na rangi na mwanga wa pale penye doa. Saa za Sharp zikawa sekunde.

Kisha simu zikachukua usukani, na kwa msomaji mweusi hapa pana jambo zito kuliko chunusi. Mwaka 2017 filta ya programu ya simu ya FaceApp iliyoahidi kumpendezesha mtu ilikutwa ikiing'arisha ngozi nyeusi kuwa nyeupe. Mkuu wa kampuni aliomba radhi, akisema mfumo ulifunzwa kwa picha zenye upendeleo. Weusi wenyewe ulikuwa umehesabiwa kuwa doa.

Mamlaka nazo zimeingilia ulainishaji huu. Uingereza ilipiga marufuku matangazo mawili ya vipodozi mwaka 2011, likiwamo la mwigizaji Julia Roberts. Norway imekwenda mbali zaidi: tangu Julai 2022, tangazo lenye mwili au ngozi iliyobadilishwa lazima libebe alama, hata kwa wanaolipwa kutangaza bidhaa mitandaoni. Picha ambayo mtu amejipiga na kuilainisha kwa ajili ya marafiki zake haimo katika sheria hiyo.