Picha Mbili za Dallas na Moja ya Mogadishu

Katikati ya jiji la Dallas kuna kona ambapo barabara ya Main inakutana na barabara iitwayo Houston. (Wanachama wa upande wa Houston msijisifu, ni jina tu.) Mchana wa tarehe 22 Novemba 1963, gari lililobeba wapiga picha wa magazeti lilikata kona hiyo likifuata msafara wa Rais Kennedy. Robert Jackson wa gazeti la Dallas Times Herald alikuwa ndio kwanza ametoa mkanda wa filamu kwenye kamera yake na kumrushia mwandishi mwenzake aliyekuwa akimsubiri kando ya barabara. Mara milio ya risasi ikasikika. Jackson aliinua macho, akaona bunduki ikirudishwa ndani ya dirisha la juu la ghala la vitabu. Kamera ilikuwa tupu.

Siku mbili baadaye, Jumapili saa tano na dakika 21 asubuhi, mtu huyohuyo alikuwa amesimama katika ghorofa ya chini ya makao makuu ya polisi ya Dallas, akingoja mtuhumiwa Lee Harvey Oswald aletwe ili ahamishiwe jela ya wilaya. Karibu naye alikuwapo Jack Beers wa gazeti shindani, Dallas Morning News. Oswald alitokea akiwa amefungwa pingu na mpelelezi Jim Leavelle, aliyevaa suti ya rangi nyepesi na kofia. Jack Ruby, mwenye kilabu cha usiku, akachomoka katikati ya watu akiwa na bastola. Beers alibonyeza kamera. Jackson naye akabonyeza, akiwa nyuma ya Beers kwa takriban sehemu sita za kumi za sekunde moja.

Katika picha ya Beers risasi haijatoka. Ruby ameshanyoosha mkono, na waliomzunguka Oswald bado wanatazama mbele kama watu wanaosindikiza mgonjwa kwenda kwenye gari. Katika picha ya Jackson risasi imeshaingia. Oswald amejikunja, mdomo wazi, na Leavelle amerudi nyuma, uso umekunjamana. Picha ya Beers ndiyo iliyotangulia kusambazwa. Lakini ya Jackson ilipotokea, hakuna aliyeitaka tena ya kwanza. Mwaka 1964 Jackson alipewa Tuzo ya Pulitzer. Beers alifariki mwaka 1975, na walio wengi nje ya Texas hawajawahi kusikia jina lake.

Mimi nadhani kwa mwanafunzi wa historia picha ya Beers ni bora zaidi. Swali lililowasumbua Wamarekani, na lililoisumbua Tume ya Warren mwaka uliofuata, lilikuwa hili: imekuwaje mtu mwenye bastola akaingia mahali palipojaa polisi na kumkaribia mtuhumiwa kiasi hicho? Jibu lililo karibu kabisa na jibu kamili limo katika picha iliyosahauliwa, ambamo hakuna mtu aliyemwona. Picha ya Jackson inatupa maumivu, na maumivu hushika moyo upesi. Ila ukiitazama peke yake unapata hisia kwamba jambo limekwisha, kwamba muuaji amelipwa. Kumbe ndipo lilipofunguka. Oswald hakufikishwa mahakamani, na Ruby naye alifariki Januari 1967 kabla kesi yake haijarudiwa. Shaka zilizozaliwa katika ghorofa ile ya chini bado zinaishi hapa mjini.

Kuna picha ya tatu ya siku zile, nayo ilipangwa kwa makusudi. Ndani ya ndege ya rais, kwenye uwanja wa Love Field, Lyndon Johnson aliapishwa na Jaji Sarah Hughes saa chache baada ya mauaji. Johnson alitaka mjane wa Kennedy asimame kando yake. Nguo ya mama yule ilikuwa na damu ya mumewe, na mpiga picha wa Ikulu, Cecil Stoughton, aliiweka kamera yake ili damu isionekane. Taifa lilihitaji kuona kwamba serikali ingali ipo, na likaonyeshwa hivyo. Siisemi kwa lawama, maana pengine ilikuwa busara. Lakini tukumbuke kwamba hata picha ya kweli kabisa ina kingo nne, na kuna mtu aliyeamua kingo hizo zipite wapi.

Sasa twende Houston, na kutoka Houston tuvuke bahari. Wengi wetu tuliingia Texas kupitia uwanja wa ndege wenye jina la George Bush, aliyekuwa mkazi wa mji huo. Ndiye rais aliyelihutubia taifa tarehe 4 Desemba 1992 kuhusu njaa ya Somalia, akiwakumbusha wananchi picha walizokwisha kuziona. Picha za watoto wenye njaa zilikuwa zimejaa kwenye televisheni kwa miezi. Wanajeshi walipotua pwani ya Mogadishu tarehe 9 Desemba, walikuta waandishi wamewatangulia ufukweni na taa zao zimewashwa. Hadi hapo kisa kilikuwa chepesi kukieleza: wenye njaa, chakula, na askari wa kukilinda.

Kilichofuata hakikuwa chepesi, na hapa ndipo ninapowaomba wasomaji tutulie kidogo, kwa sababu mlolongo wake hausimuliwi mara nyingi. Tarehe 12 Julai 1993 helikopta za Marekani zilishambulia nyumba moja Mogadishu ambamo wazee wa ukoo walikuwa wamekutana. Waandishi walikwenda kuona. Umati wenye hasira uliwageukia na kuwaua wanne. Wawili walikuwa Wakenya, Hos Maina na Anthony Macharia, waliofanya kazi na shirika la Reuters. Wa tatu, Dan Eldon, alikulia Nairobi, na wa nne alikuwa Mjerumani, Hansi Krauss wa shirika la AP. Baada ya msiba huo waandishi wengi wa nje waliondoka. Kwa hiyo vita vikubwa vya Oktoba 3 na 4 vilipopiganwa, helikopta mbili zikaanguka na Wamarekani 18 wakafa, karibu hapakuwa na mgeni mwenye kamera. Paul Watson wa Toronto Star alikuwa miongoni mwa wachache waliobaki. Akapiga picha ya maiti ya mwanajeshi wa Marekani ikiburutwa mtaani.

Wasomali waliokufa katika mapambano yaleyale walikuwa mamia. Hao hawakupata picha iliyobaki katika kumbukumbu ya Wamarekani. Kama Maina na Macharia wangekuwa hai, na wenzao hawajaondoka, je, tungekuwa na picha za hospitali na za nyumba zilizobomoka? Hatuwezi kulijibu swali hilo, lakini ni halali kuliuliza. Tunachojua ni kwamba siku ile yote ilibanwa katika picha moja, na tarehe 7 Oktoba Rais Clinton alitangaza kwamba majeshi yangeondoka ifikapo Machi 31, 1994. Wapo wanaosema picha ndiyo iliyoyaondoa. Wanatia chumvi. Wabunge walikuwa wameanza kulalamika tangu kabla. Picha iliwapa kitu cha kuonyesha kwa kidole.

Aprili 1994 mauaji ya kimbari yakaanza Rwanda. Marekani, ikiwa bado na kidonda cha Mogadishu, haikutaka kusikia habari ya kupeleka askari, na Baraza la Usalama likapunguza kikosi cha Umoja wa Mataifa hadi watu 270. Waandishi wengi wa kigeni nao walikuwa wametoka, hivyo picha za mauaji yenyewe yakitendeka ni chache sana. Kisha ikaja Julai. Mamia ya maelfu ya watu walivuka mpaka kuingia Goma kwa siku chache, kipindupindu kikawavamia, na kamera za dunia nzima zikafika. Sasa zilipatikana picha, na askari wa Marekani wakapelekwa kusaidia. Watazamaji wengi waliamini kwamba wanawaona walionusurika mauaji. Ukweli ni kwamba wengi wa waliovuka walikuwa wakiikimbia serikali mpya, na kati yao walikuwamo waliopanga na kutenda mauaji. Mgonjwa wa kipindupindu ni mgonjwa, na mtoto hana hatia ya mtu yeyote. Lakini picha ya mgonjwa haielezi nani anaitawala kambi usiku. Wenzetu kutoka Kivu wanaoishi Fort Worth hawahitaji kufundishwa na makala hii yaliyofuata baada ya kambi zile, wala yanayoendelea hadi leo.

Nimalizie nyumbani. Tarehe 27 Agosti 2017, mvua za Kimbunga Harvey zikiwa zimeifunika Houston, ilisambaa mitandaoni picha kutoka Dickinson, kusini-mashariki mwa jiji: wanawake wazee katika makao ya kutunzia wazee, wameketi kwenye viti vyao huku maji yamewafika kiunoni. Watu wengi walisema ni uongo, imetengenezwa. Picha ilikuwa ya kweli, na wazee wale waliokolewa siku hiyohiyo. Wakati huohuo ilisambaa nyingine, ya papa akiogelea kwenye barabara kuu ya Houston iliyofurika maji, na hiyo ikaaminiwa na watu wenye elimu zao. Papa yule alipigwa picha miaka mingi kabla katika bahari ya Afrika Kusini, akimfuata mtu aliyekuwa ndani ya mtumbwi mdogo. Aliyemleta Texas alimkata kwenye picha, akaacha mwenye mtumbwi na bahari yake. Kabla ya Houston alikuwa ameshapelekwa Puerto Rico, na baada ya Houston amehamishiwa mafuriko mengine.