Waziri Alijiuzulu, na Askari Je?

Mwaka 1976 polisi na maafisa wa usalama walipelekwa Mwanza na Shinyanga kukomesha mauaji yaliyohusishwa na imani za uchawi. Watuhumiwa waliteswa mahabusu, na baadhi yao wakafa. Mwaka 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu, ingawa yeye mwenyewe hakumgusa mtu. Mwaka 1985 akawa Rais.

Hilo tunalikumbuka. Tunalosahau ni kwamba baadhi ya maafisa waliohusika nao walipandishwa kizimbani. Waziri akijiuzulu, heshima ya Serikali hupona. Askari mtesaji akishitakiwa, mwananchi hulindwa. Raia atamwamini polisi pale atakapoona kwamba sheria inayomfunga yeye humfunga pia mwenye pingu.