Ua Lisilochanua Eldoret

Msomaji mpenzi, huenda umekwisha kusoma katika vitabu vya Kiingereza habari za lailaki, kichaka chenye maua ya zambarau hafifu na harufu tamu. Mbona basi hatukioni kikipamba bustani za Eldoret, mji wenye udongo mwema na asubuhi za baridi? Jibu lake limo katika historia na katika tabia ya nchi.

Asili ya kichaka hiki ni milima ya Balkani. Waturuki walikipenda, wakakipanda Istanbul. Katika karne ya 16 kikafika Vienna, na husimuliwa kwamba aliyekipeleka ni Busbecq, balozi katika enzi ya Sultani Suleiman. Jina lake latokana na Kiajemi, nalo lina asili moja na neno letu nili. Basi ua tulidhanilo kuwa la Wazungu tangu awali lilipitia kwanza mikononi mwa watu wa mashariki.

Mwaka 1908 Makaburu zaidi ya 200 walishuka Mombasa, wakasafiri kwa reli hadi Nakuru, kisha kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe hadi uwanda wa Uasin Gishu. Nchi ile haikuwa haina wenyewe. Wanandi walilisha mifugo yao huko, nao walikuwa wametoka kushindwa vitani. Kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, aliuawa mwaka 1905. Mwaka 1910 posta ilifunguliwa katika shamba nambari 64, ndiyo sababu wenyeji wakauita mji Sisibo. Jina la Eldoret lilikuja mwaka 1912. Miti ya kigeni ikafuata: mikaratusi na miwati kutoka Australia, na mijakaranda kutoka Amerika ya Kusini. Yote ilistawi.

Lakini lailaki ina sharti lake. Machipukizi yake hayana budi kulala majuma mengi ya baridi kali kabla ya kutoa maua. Eldoret iko mita 2,100 hivi juu ya bahari, lakini i karibu mno na Ikweta. Usiku wake ni wa baridi, ila majira ya baridi haina. Serikali ya kikoloni iliweza kumpa mlowezi shamba kwa hati. Majira haikuweza kumpa.

Je, bustani yako ikose manukato? La, hasha! Wanawake wa Lamu na Mombasa hujipamba kwa asumini na kilua, maua ya kwao. Nyanda za juu nazo zina asumini wake wa msituni, mwenye maua meupe ya kunukia. Muulize mzee wa kwenu mmea huo huitwaje kwa lugha yenu, kisha uupande karibu na mlango. Jina hilo nalo ni historia, na lisipoulizwa hupotea pamoja na wazee wanaolijua.