Furu mwenye jina la Mwalimu

Pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, kila samaki ana jina lake: sato, sangara, kamongo, gogogo, ningu, nembe. Ukifika kwenye fungu la visamaki vyenye miiba mgongoni, jibu ni neno moja tu: furu. Wavuvi wa kwenye mawe waliongeza jingine, mbipi, kwa wale wanaokaa miambani. Kwa anayetafuta kitoweo, hayo yalitosha.

Hayakuwatosha Waholanzi. Mwaka 1977 Chuo Kikuu cha Leiden kilileta Mwanza kikosi cha watafiti wa furu kilichojulikana kama HEST, na Frans Witte akawa mmoja wa nguzo zake. Walikuta zaidi ya theluthi mbili ya samaki wa Ziwa Victoria ni hao hao furu, na ndani ya jina hilo moja mlijaa mamia ya spishi.

Utawatenganishaje? Kabla yao, Humphry Greenwood, aliyewahi kufanya kazi Jinja, alisoma vinywa. Furu mla konokono ana meno mapana kooni ya kusaga magamba. Mla samaki ana meno makali. Wapo hata wanaopora mayai na vitoto kutoka kinywani mwa mama anayewaatamia humo, ujambazi ambao sijui kama kuna samaki mwingine anayeupita. Lakini wengine hutambulika kwa rangi, na hapo ndipo penye tatizo. Ukimtia furu kwenye chupa ya dawa, wekundu na ubuluu hupotea, anabaki wa kahawia kama wenzake. Ilibidi aandikwe angali anapumua.

Mmoja alikuwa dume mwenye mgongo mwekundu, ubavu wa njano uliopigwa mistari myeusi, na madoa ya njano kwenye pezi la nyuma ya tumbo, mfano wa mayai. Mwaka 1985, mwaka ule ule Mwalimu Nyerere aliong'atuka, Witte na mwenzake walimpa jina *nyererei*. Ndugu yake wa rangi ya buluu-kijivu alisubiri hadi 1998 ndipo akaitwa *Pundamilia pundamilia*, na furu wa Mwalimu naye akahamishiwa jenasi hiyo hiyo. Kiswahili kikawa kimeingia kwenye vitabu vya Kilatini bila kubisha hodi.

Lakini mtambuzi hodari kuliko wote ni furu jike. Majike wa spishi hizo mbili wanafanana mno. Wao huchagua dume kwa rangi. Ole Seehausen na wenzake waliwaweka kwenye matangi. Chini ya mwanga wa kawaida kila jike alimfuata dume wa kwao. Ilipowashwa taa ya rangi moja ya machungwa, tofauti ikafutika, akakubali yeyote. Mwaka 1997 waliandika katika jarida la *Science* kwamba ndivyo inavyotokea ziwani penye maji machafu.

Sangara, aliyepandikizwa Uganda miaka ya 1950, alikwisha kuwafagia furu wengi Ghuba ya Mwanza katika miaka ya 1980. Udongo wa mashambani na mwani uliostawishwa na mbolea na maji taka ukayachafua maji taratibu. Nenda kisiwa cha Makobe, maji maangavu: wekundu wamekaa chini zaidi, buluu juu, hawachanganyiki. Teremka ndani ya ghuba hadi Luanso, maji ya tope, utamvua dume asiye mwekundu wala buluu, nusu huku nusu kule, na mtaalamu mwenye orodha mkononi hana pa kumwandika.