Seli za Daudi na ramani ya malaria iliyotupitia Lamu

Mwaka 1967 kipande cha uvimbe kilichokatwa kwenye tundu la jicho la kushoto la kijana Mkenya wa miaka 16 kilifika katika Taasisi ya Karolinska, mjini Stockholm. Mtafiti Eva Klein na wenzake walizitia seli za uvimbe ule kwenye chupa zenye lishe, wakaziita Daudi, nazo zikaanza kugawanyika. Hazijaacha hadi leo. Maabara yenye fedha na kibali inaweza kuziagiza zikiwa zimegandishwa, na katalogi ya wauzaji inamweleza mwenye seli kwa mstari mmoja: mwanamume, mweusi, miaka 16, jicho la kushoto.

Ugonjwa uliompata kijana huyo, aina ya saratani, unaitwa limfoma ya Burkitt. Sisi wa visiwa vya Lamu tuna sababu ya kuijua historia yake, kwani ramani ya ugonjwa huo inapita juu ya vichwa vyetu.

Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji kutoka Ireland, mwenye jicho moja. La pili lilimpotea utotoni. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, aliitwa amwangalie mvulana wa miaka mitano aliyevimba taya pande zote, juu na chini. Hakuwahi kuona kitu cha namna ile. Muda si mrefu, akiwa Jinja, alitupa jicho dirishani akamwona mtoto mwingine mwenye uso uleule. Akaanza kupekua majalada, na mwaka 1958 akachapisha alichokiona. Kisha akapewa ruzuku ya pauni 25, ambazo hata wakati ule zilikuwa fedha za kuchekesha, akazitumia kusambaza picha za watoto wagonjwa katika hospitali za Afrika akiuliza kama huko nako wanaonekana. Oktoba 1961 aliondoka Kampala kwa gari kuukuu la Ford, pamoja na madaktari Ted Williams na Cliff Nelson, wakasafiri maili 10,000 kwa wiki kumi wakiuliza hospitali baada ya hospitali.

Safari ile ilizaa ramani. Uvimbe haukuonekana mahali ambapo joto hushuka chini ya nyuzi 16, wala penye mvua isiyofika milimita 500 kwa mwaka, na karibu na ikweta haukupanda zaidi ya mita 1,500 hivi. Nyanda za juu za Kenya zikawa salama. Nyanza na pwani hazikuwa. Lamu iko usawa wa bahari, baridi ya nyuzi 16 hatuijui, na mvua yetu hukaribia milimita 900. Masharti yote tunayatimiza.

Burkitt alidhani mbu hubeba virusi vya uvimbe huo. Mmarekani Gilbert Dalldorf, aliyeuchunguza ugonjwa huu hapa Kenya, alihisi kwamba ramani ile ni ya malaria yenyewe. Ushahidi mzuri ulitoka kwa jirani zetu wa visiwani: Unguja na Pemba, ambako kampeni kubwa ya kuitokomeza malaria ilianza mwishoni mwa miaka ya 1950, uvimbe ulikuwa nadra, ilhali bara ulikuwepo. Wazee wa Amu (mji wa Lamu), ambao hawakusoma makala yoyote ya kitabibu, walikuwa wakitia samaki wadogo katika birika za nyumba zao za mawe wale viluwiluwi vya mbu. Witu na Mpeketoni, upande wa bara, penye mashamba na maji yaliyotuama, samaki wa birika hawatoshi, na hadi leo Wizara ya Afya inaihesabu Lamu katika kaunti za pwani zenye malaria ya kudumu.

Virusi navyo vilipatikana. Machi 1961 Burkitt alitoa mhadhara London, na mtafiti mmoja aitwaye Anthony Epstein akatoka pale ameazimia kuvitafuta. Vipande vya uvimbe vilisafirishwa kwa ndege kutoka Kampala, na mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza virusi tunavyoviita Epstein-Barr. Karibu kila binadamu anavyo, na wengi haviwadhuru. Mtoto anayeugua malaria mara kwa mara ndiye aliye hatarini: seli zake za kinga zilizobeba virusi huchochewa kuzaana bila kupumzika, hadi siku moja kromosomu ya 8 inakatika na kubadilishana vipande na ya 14. Hilo nalo lilibainishwa Stockholm, mwaka 1976.

Kwa nini Stockholm? Kwa sababu Peter Clifford, daktari wa upasuaji katika Hospitali ya Kenyatta, alikuwa akiwatibu watoto hawa Nairobi na kupeleka sampuli za uvimbe wao kwa Eva Klein na mumewe George. Ndivyo Daudi alivyofika Ulaya.

Seli hizo za Daudi zilikuja kufaa katika ugunduzi mwingine. Mwaka 1975, katika Taasisi hiyohiyo ya Karolinska, mwanafunzi Rolf Kiessling, akiwa na Eva Klein na Hans Wigzell, aligundua kuwa panya ambao hawakuwahi kuchanjwa walikuwa na seli zinazoua saratani ya damu papo hapo, bila mafunzo. Ronald Herberman aliona hivyohivyo Marekani. Kabla ya hapo wengi waliyachukulia matokeo ya namna hii kuwa kasoro ya vipimo. Seli hizo zikaitwa seli uaji asilia. Huitoboa seli adui na kuingiza vimeng'enya vinavyoifanya ijiue.

Zinamjuaje adui? Jibu lilitoka kwa Klas Kärre, wa Karolinska pia, katika miaka ya 1980. Anayesafiri kwa basi kutoka Mokowe kwenda Malindi anajua vizuizi vya barabarani: askari hana haja na mwenye kitambulisho, anamshusha asiye nacho. Kitambulisho cha seli ni molekuli za HLA, ambazo karibu kila seli yenye afya huzionyesha kwenye ngozi yake. Saratani nyingi huzificha ili askari wengine wa kinga wasizitambue, na kule kukosa kitambulisho ndiko kunakoziponza mbele ya seli uaji.

Daudi hana HLA ya aina hiyo hata moja. Jeni moja, ile ya beta-2 maikroglobulini, imeharibika. Mwaka 1988 watafiti wa Ufaransa waliirudisha jeni hiyo, na mara Daudi akawa mgumu kuuawa. Lakini Daudi alifundisha jambo la pili, ambalo kwangu ni kubwa zaidi: seli uaji zilizotulia mara nyingi humwacha, hata kama hana kitambulisho, lakini zikichochewa kwa intalukini-2 humuua. Kinga huhitaji kuamshwa. Tangu hapo amekuwa kipimo cha kila siku. Daratumumabu, dawa ya saratani ya uboho iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2015 na ambayo sehemu ya kazi yake hufanywa na seli uaji, ilijaribiwa kwenye seli za Daudi. Mwaka 2020 timu ya Katy Rezvani, Texas, iliripoti kuwatia wagonjwa 11 wa saratani za damu seli uaji zilizoundwa upya kijenetiki, na 8 waliitikia matibabu.

Kisumu kuna habari isiyofurahisha. Mwaka 2018 watafiti wa huko, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, walionyesha kuwa watoto wenye limfoma ya Burkitt wamejaa seli uaji za aina iliyochoka, zisizoua vizuri. Malaria ya kila mara ni mshukiwa mkuu. Kwa hiyo chandarua cha mtoto wa Witu au Mpeketoni ni kinga ya saratani pia, na sijaona bango hata moja linalosema hivyo.

Ugonjwa huu hutibika. Tangu miaka ya 1960 ilijulikana kuwa siklofosfamaidi, dawa ya zamani isiyo ghali kama hizi mpya, huuyeyusha uvimbe kwa siku chache. Ulaya hupona zaidi ya watoto 9 kati ya 10. Kwetu Afrika, nusu au pungufu. Sababu moja kubwa ni kuchelewa. Uvimbe huu huweza kuwa maradufu kwa siku moja au mbili, na mtoto wa Kizingitini anahitaji mashua hadi Amu, kivuko hadi Mokowe, kisha zaidi ya kilomita 300 za barabara hadi Mombasa.

Basi wazazi, magego ya mtoto yakilegea kabla ya wakati wake, au taya, jicho au tumbo likivimba upesi, msiishie kwa mng'oa meno. Mpelekeni Hospitali ya King Fahd, hapa Lamu, siku hiyohiyo, na mwombeni daktari aichunguze limfoma ya Burkitt, mkiitaja kwa jina lake.