Mnyoo wa Akron na Mkasi wa Mvuvi

Mji wa Akron, jimboni Ohio, Marekani, uliishi kwa mpira: Goodyear, Firestone na B.F. Goodrich wote walikuwa na viwanda vya matairi pale. Mwaka 1926 Waldo Semon, mkemia wa Goodrich, alikuwa akihangaikia gundi ya kushikisha mpira kwenye chuma. Gundi hakuipata. Alipoichemsha plastiki ya PVC ndani ya viyeyusho alipata kitu kingine, laini, kinachonepa na kuvutika. Kikaingia kwenye nyaya za umeme, makoti ya mvua na mapazia ya bafuni. Wavuvi walisubiri zaidi ya miaka 20.

Aliyewaletea chambo cha plastiki hiyo ni Nick Creme, fundi mitambo wa Akron hiyohiyo. Mwaka 1949 yeye na mkewe Cosma walikuwa wakipika plastiki, mafuta na rangi jikoni kwao na kumimina mchanganyiko huo kwenye kalibu zilizochukua umbo la nyungunyungu halisi. Minyoo ya mpira ilikuwapo tangu karne ya 19, ila ilikuwa migumu, na samaki waliitema upesi. Huu wa akina Creme ulicheza majini. Mwaka 1951 wakaanza kuuuza kwa posta, minyoo mitano kwa dola moja. Baadaye kampuni ikahamia Tyler, Texas, nchi ya mabwawa na ya samaki wakubwa waitwao basi (bass).

Texas ndiko samaki wadogo walikosahauliwa. Basi ana mdomo mpana na ana mashindano yenye fedha. Wakenya wanamfahamu: alipandikizwa Ziwa Naivasha mwishoni mwa miaka ya 1920. Lakini ana jamaa zake wadogo, bluegill na crappie, samaki wa kikaangoni ambao watoto wengi wa Marekani huanza nao uvuvi. Bluegill ana kinywa kidogo mno. Hula zaidi kwa kufyonza wadudu na viumbe vidogo vya majini. Crappie hufungua kinywa kikubwa kiasi, lakini ngozi yake ni nyembamba, ukivuta mshipi kwa nguvu inachanika. Kwa miongo mingi hawa wawili wamevaa nguo zilizoshonewa kaka yao.

Itazame orodha yenyewe. Tom Mann wa Eufaula, Alabama, alitia minyoo yake harufu ya matunda, stroberi na zabibu miongoni mwake, kwa ajili ya basi. (Basi mmoja alimpenda kiasi cha kumfanyia mazishi na kumjengea kaburi la marumaru.) Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kampuni ya Mister Twister ya Minden, Louisiana, ilitoa mkia uliojikunja kama mundu, unaotetemeka hata ukivutwa polepole. Bobby Garland akaleta chambo chenye tumbo tupu na nyuzinyuzi mkiani. Charlie Brewer wa Tennessee, karibu peke yake, alihubiri vyambo vidogo, risasi nyepesi na mkono usiofanya lolote ila kuzungusha rili taratibu. Kwa maoni yangu ndiye aliyewaelewa samaki wadogo kuliko wote.

Wavuvi wa samaki wadogo waliachiwa mkasi. Bluegill huuma ncha ya mkia na kuondoka nayo bila kuigusa ndoana, kwa hiyo mkia hukatwa hadi ubaki mfupi. Mwili hupunguzwa kwa kung'atwa na meno ya mvuvi mwenyewe. Mkia bapa hupasuliwa katikati ili uyumbe mara mbili, na ncha huchovywa kwenye rangi ya manjano-kijani inayong'aa maji yakiwa na tope. Uzito nao hupungua: kichwa cha risasi cha gramu moja au chini yake, kwa sababu crappie hupanda juu kufuata chakula, na chambo kinachozama upesi kinampita.

Plastiki yenyewe ilikuwa na visa. Kilainishi kilichomo humo hakitulii. Mnyoo mwekundu ukilala na mweupe, asubuhi yote ni ya waridi, na masanduku ya kwanza ya vifaa yaliyeyuka chini yake hadi watengenezaji wakaanza kutangaza masanduku yasiyoliwa na minyoo. Majini plastiki hiyo haiozi. Hufura, na hukutwa matumboni mwa samaki. Mwaka 2013 jimboni Maine ulipelekwa muswada wa kupiga marufuku vyambo hivyo, nao ukaishia kuwa agizo la utafiti.

Kwa hiyo mvuvi mwangalifu haitupi minyoo ya basi iliyokatika. Huirudisha motoni, kwenye joto la takribani nyuzi 175 za Selsiasi, mlango ukiwa wazi kwani ikiungua hutoa moshi unaochoma koo, na kuimimina kwenye kalibu za urefu wa sentimita tatu au nne. Mnyoo mmoja mrefu hutoa vyambo kadhaa vya bluegill. Rangi zikichanganyika hutoka za tope, na bluegill huvila vyambo hivyo hivyohivyo.